Springi Ngumu Si Dawa ya Mzigo Mzito

Wakulima wa Makueni na Kitui, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya pikipiki. Huenda msomaji akauliza, "Pikipiki inahusu nini gazeti la wakulima?" Jibu ni rahisi. Mazao yaliyo shambani hayajawa fedha. Yawa fedha yakifika sokoni, na siku hizi katika sehemu zetu kitu kinachoyatoa shambani na kuyafikisha barabara kubwa, mara nyingi, ni pikipiki.

Wazee waliohamia Makueni katika miaka ya 1940, pori lenye mbung'o lilipofyekwa ili watu wapate mashamba, walibeba mahindi yao kwa punda na kwa mgongo. Waliofuata baadaye huko Masongaleni nao walikuta njia za miguu na mito ya mchanga. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na tangu hapo zimeenea hata katika vijiji ambavyo gari halifiki wakati wa mvua. Barabara kubwa ya Kibwezi kwenda Mutomo mpaka Kitui ina lami sasa, lakini kutoka shambani kwako mpaka kwenye lami ni njia ya udongo, na huko pikipiki ndiyo lori letu.

Shida ni kwamba haikutengenezwa kuwa lori. Ilitengenezwa kubeba dereva na abiria mmoja. Kwa hivyo vijana wetu huipeleka kwa fundi ili ibadilishwe: keria hurefushwa kwa vyuma, shoki mbili za nyuma hufanywa nne, au springi nyingine nene hutafutwa na kufungwa mahali pa zile za kiwandani. Wengi hudhani kwamba springi ikiwa ngumu zaidi, pikipiki imepata nguvu zaidi. Maoni yetu ni kwamba fikira hiyo si ya kweli, na inawapotezea wakulima fedha, mazao, na mara nyingine maisha. Springi yapasa kuchaguliwa kwa kipimo na kwa hesabu, kama mkulima anavyochagua mbegu kwa mvua ya mahali pake. Tafadhali soma mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

SPRINGI HUFANYA KAZI GANI?

Mwaka 1678 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Robert Hooke, alieleza katika kitabu chake jambo ambalo mafundi hulitumia hata leo: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito unaowekwa juu yake. Ukiweka kilo 20 ikabonyea sentimita 1, ukiweka kilo 40 itabonyea sentimita 2, na kilo 60 sentimita 3. Zile kilo zinazohitajika ili springi ibonyee sentimita moja ndizo kipimo cha ugumu wake. Basi springi ya kilo 40 kwa sentimita ni ngumu mara mbili kuliko springi ya kilo 20 kwa sentimita.

Watu wengi huchanganya ugumu huu na kule kukaza springi kwa ile pete iliyo kwenye shoki. Ukizungusha pete, springi hubanwa kabla ya mzigo kuwekwa, na pikipiki huinuka kidogo. Lakini springi ni ile ile. Kama ilikuwa ya kilo 20 kwa sentimita, bado ni ya kilo 20 kwa sentimita. Pete hurekebisha kimo cha pikipiki, haibadili ugumu wa springi.

Jambo jingine la kujua ni shoki yenyewe, yaani ule mtungi mwembamba wenye mafuta uliomo katikati ya springi. Springi hubeba uzito, na shoki huutuliza. Kama shoki isingekuwapo, springi iliyobonyea ingerudi juu kwa nguvu, ikabonyea tena na kurudi tena, na dereva angerushwa njia nzima. Mafuta hupita katika matundu madogo ndani ya shoki na kuipunguza nguvu hiyo. Kwa sababu hii kila shoki hutengenezwa kwa springi yake. Ukifunga springi ngumu juu ya shoki iliyofanywa kwa springi laini, shoki haitaweza kuizuia inaporudi, na sehemu ya nyuma ya pikipiki itaruka kwenye kila shimo.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Kazi ya kupima haihitaji fundi wa Nairobi. Yataka utepe wa kupimia, mizani ya ghalani, mwenzako mmoja na daftari.

Kwanza, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma lisiguse chini. Pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma, juu wima, mpaka alama utakayoiweka kwenye keria. Andika kipimo hicho.

Pili, ishushe pikipiki chini. Dereva apande na kuketi kama anavyoketi safarini, na mwenzake aishike isianguke. Pima tena baina ya zile alama mbili. Tofauti ya vipimo hivi ndiyo sentimita ambazo pikipiki imeshuka kwa uzito wake na uzito wa dereva.

Tatu, pima kwa mizani mzigo unaobebwa kila siku, uufunge juu ya keria, dereva aketi tena, nawe upime mara ya tatu.

Sasa tafuta katika kitabu cha pikipiki gurudumu la nyuma laweza kupanda na kushuka sentimita ngapi kwa jumla. Hiyo twaiita safari ya gurudumu. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba dereva akiketi peke yake, pikipiki itumie kati ya robo na theluthi ya safari hiyo. Mzigo ukiisha kuwekwa, sisi twashauri ibaki si chini ya theluthi. Hiyo inayobaki ndiyo akiba ya mashimo. Mkulima hamalizi ghala lake lote kabla ya mavuno, na vivyo hivyo pikipiki isimalize safari yake yote kabla ya kuondoka nyumbani.

HESABU YA SPRINGI TATU

Tuchukue mfano ili jambo hili lieleweke. Tuseme safari ya gurudumu la nyuma ni sentimita 10. Uzito wa pikipiki na dereva unaoangukia springi za nyuma ni kilo 100. Springi zote mbili pamoja ni za kilo 20 kwa sentimita, nazo zimefungwa zikiwa zimebanwa sentimita 2 kwa pete, yaani kilo 40 za kwanza hazizibonyezi zaidi. Dereva akiketi, kilo 60 zilizobaki huzibonyeza sentimita 3. Hiyo ni karibu theluthi, ni sawasawa.

Akimpakia abiria wa kilo 70, na tuseme uzito wake wote unaangukia nyuma, zitabonyea sentimita 3 na nusu zaidi. Jumla ni 6 na nusu, na akiba ni 3 na nusu. Waona kwamba springi za kiwandani si mbaya. Zilichaguliwa kwa kazi hii hasa.

Sasa dereva yule yule aenda kuteka maji. Mtungi wa lita 20 ukijaa una maji ya kilo 20, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Mitungi sita ni kilo 120 za maji. Springi zitabonyea sentimita 6 zaidi, jumla 9. Akiba ni sentimita moja tu. Akiingia shimo dogo, chuma kitagonga chuma. Ndipo anapokwenda kwa fundi kusema, "Springi hizi ni laini, nipe ngumu."

Fundi amwongezea shoki nyingine mbili kama zile za kwanza. Springi zikifungwa sambamba, ugumu wake hujumlishwa: kilo 20 na 20 ni kilo 40 kwa sentimita. Kwa mitungi sita pikipiki sasa yashuka sentimita 3 na nusu tu kwa jumla. Haigongi tena, na fundi asifiwa.

Lakini utazame mzigo ukishushwa. Springi zile nne zimebanwa sentimita 2 kila moja, maana yake kilo 80 za kwanza hazizibonyezi. Dereva akiwa peke yake, pikipiki yashuka nusu sentimita tu. Ni kama gurudumu limefungwa kwenye fremu kwa bolti. Barabara zetu za udongo, jua likikausha na magari yakipita, huwa na mikunjo kama bati. Gurudumu likipanda juu ya mkunjo, lazima liweze kushuka tena upande wa pili ili lifuate ardhi. Hili laweza kushuka nusu sentimita, basi. Baada ya hapo liko hewani, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halizuii pikipiki isiteleze. Vijana wengi huanguka wakirudi watupu, si wakienda na mzigo, nao husema, "Sijui ilikuwaje, nyuma ilinitoka tu." Hesabu yaonyesha inavyoweza kuwa hivyo.

Iko njia ya katikati. Tuseme dereva hubeba kilo 90 karibu kila siku, na kitabu cha pikipiki kinauruhusu uzito huo. Akipata springi za kilo 25 kwa sentimita, yaani ngumu kwa robo tu kuliko za kwanza, na akalegeza pete mpaka springi zibanwe sentimita moja badala ya mbili, atashuka sentimita 3 akiwa peke yake. Kwa mzigo wa kilo 90 atashuka sentimita 6.6, na akiba yake ni 3.4. Yuko salama akienda, na yuko salama akirudi. Kwa hivyo hatusemi kwamba springi za kiwandani zisibadilishwe kamwe. Twasema badiliko dogo lililopimwa ni bora kuliko badiliko kubwa la kubahatisha.

MZIGO HUWEKWA WAPI?

Kabla hujatoa hata senti moja kununua springi, angalia mahali unapouweka mzigo. Keria iliyorefushwa kwenda nyuma ndiyo adui mkubwa kuliko springi laini.

Tuseme toka ekseli ya mbele mpaka ekseli ya nyuma ni sentimita 130. Gunia la kilo 90 likifungwa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la nyuma halibebi kilo 90. Labeba karibu kilo 111, na gurudumu la mbele lapunguziwa kilo 21. Ni kama watoto wanaocheza juu ya gogo lililolazwa juu ya jiwe: huyu akishuka, yule aenda juu. Ukilisogeza gunia hilo hilo likae sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma, gurudumu la nyuma litabeba karibu kilo 76, na lile la mbele litapata kilo 14. Kwa kulisogeza gunia nusu meta tu, umeziondolea springi za nyuma kilo 35, nawe hukununua kitu.

Gurudumu la mbele likiwa jepesi, usukani huwa kama haushiki kitu. Katika mlima, mfano kupanda kwenda Mbooni au Kilungu, uzito huzidi kwenda nyuma, na pikipiki yaweza kuinuka mbele na kumpindua dereva. Springi ngumu za nyuma haziwezi kuondoa hatari hiyo hata kidogo. Kwa mitungi, ining'inize pande mbili, chini, karibu na ekseli, iwe sawasawa kulia na kushoto. Usiipange juu na nyuma kama matofali.

MAMBO YANAYOHARIBU

Yako mambo manne yanayofanywa katika gereji zetu ambayo yafaa kuachwa.

La kwanza ni kuchagua springi kwa macho. Unene wa waya wa springi hudanganya sana. Kama springi mbili ni sawa kwa upana na kwa idadi ya mizunguko, na moja ina waya wa milimita 7 na nyingine milimita 8, ile ya pili ni ngumu kwa mara 1.7 hivi. Milimita moja, ambayo jicho halioni vizuri, yaongeza ugumu kwa asilimia 70! Basi usikubali springi iliyotolewa kwenye pikipiki nyingine mpaka uipime. Isimamishe wima juu ya ubao, uipitishie chuma katikati isipinde, uweke uzito unaoujua juu yake, utazame yabonyea sentimita ngapi.

La pili ni kukata springi. Springi yenye mizunguko 10 inayofanya kazi ikikatwa ikabaki na 8, ugumu waongezeka kwa robo, ni kweli. Lakini imekuwa fupi. Pikipiki yakaa chini, safari yapungua, na mizunguko hukutana mapema. Mizunguko ikiisha kukutana, springi imekuwa gogo la chuma.

La tatu ni kuitia springi moto, au kuichomelea. Chuma cha springi kilipikwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo maalum ili kiweze kupinda na kurudi maelfu ya mara. Moto wa fundi huiondoa tabia hiyo. Springi iliyochomwa hulala isirudi, au hukatika ghafula.

La nne ni kupachika vipande vya mpira au vya mti katikati ya mizunguko. Mizunguko iliyozibwa haifanyi kazi tena, na ile iliyobaki hufanya kazi ya yote. Hapo ndipo itakapokatikia.

WANAOSEMA KINYUME

Waendeshaji wengi hawatakubaliana nasi, na haifai tuwapuuze, maana wao ndio wanaozijua njia zetu. Husema, "Barabara ni mbovu, mafuta ya petroli ni ghali, na mteja hataki kulipia safari mbili. Nisipobeba mitungi sita, mwenzangu ataibeba."

Kuhusu barabara mbovu twajibu: chunguza kwanza kama springi zako ni laini kweli, au zimechakaa tu. Tazama kama mafuta yanavuja kwenye shoki. Shika keria, bonyeza kwa nguvu, uachilie. Ikipanda na kushuka mara nyingi kabla ya kutulia, shoki imekufa. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, bushi za mkono unaolishika zimelika. Mara nyingi mtu aliyetaka springi ngumu alihitaji shoki mpya za aina ile ile ya kwanza, na angetumia fedha kidogo kuliko za kugeuza kila kitu.

Kuhusu petroli twajibu kwa daftari. Andika mafuta, lakini andika pia tairi, spoki, rimu, cheni, bushi, kuchomelea fremu, na siku ambazo pikipiki imelala gereji bila kuleta kitu. Mzigo usiobebwa na springi haupotei hewani. Springi ikikataa kubonyea, pigo la shimo hupita moja kwa moja mpaka kwenye rimu, kwenye mkono wa gurudumu, kwenye fremu na kwenye uti wa mgongo wa dereva. Springi ngumu haifanyi fremu kuwa nene. Haifanyi breki kuwa kubwa. Inaondoa tu ile sauti ya chuma kugonga, ambayo ilikuwa ikikuambia kwamba mzigo umezidi. Fremu huanza na ufa mwembamba karibu na mahali shoki zinapofungwa, mahali ambapo vumbi na grisi huuficha, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana aliyenunua pikipiki kwa mkopo ataendelea kulipa mkopo huo hata kama fremu imekatika vipande viwili.

Kuhusu mteja, hapa twataka kusema na wewe mkulima hasa. Ni wewe unayesimama kando ya gunia na kusema, "Ongeza tu kidogo, pikipiki yako ina shoki nne." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe unauona mwepesi kwa sababu hauko juu ya pikipiki. Dereva ni kijana wa jirani yako, pengine mwanao. Ukikataa kulipia safari mbili, umemchagulia springi ngumu, hata kama hujui springi ni kitu gani.

Na jambo hili linakurudia mwenyewe. Pikipiki iliyobeba mitungi asubuhi ndiyo hiyo hiyo inayoitwa usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, au mtoto akipata homa kali, na zahanati iko mbali. Pikipiki iliyogeuzwa kwa kilo 120 za maji haina upole kwa mgonjwa. Kwa mfano wetu wa kwanza, springi za kiwandani zingeshuka sentimita 3 na nusu kwa abiria huyo, na kulipokea kila shimo pole pole. Zile nne zashuka chini ya sentimita 2, na pigo lililobaki humwingia yeye.

Tena fikiria maembe. Embe lililogongwa halionyeshi jeraha siku ile. Ngozi yake ni nzuri, lakini nyama ya ndani imepondeka, na baada ya siku mbili tatu hutokea doa jeusi na mnunuzi hulitupa kando. Kreti mbili za maembe ni nyepesi kuliko gunia la mahindi, na mzigo mwepesi juu ya springi ngumu hutikiswa kuliko mzigo mzito. Mkulima anayepeleka maembe kwa mnunuzi wa mbali, au kwenye kiwanda cha matunda cha Kalamba, asimtafute dereva mwenye shoki nne. Amtafute mwenye pikipiki ambayo haikugeuzwa, apange maembe katika kreti zenye nyasi kavu, wala si katika magunia, na amwambie aende taratibu.

TWASHAURI HIVI

Kwa mwenye pikipiki: soma kitabu chake ujue uzito wa mwisho unaoruhusiwa, pamoja na dereva. Huo ndio mpaka, na hakuna springi inayousogeza. Dereva wa kilo 65 na abiria wa kilo 65 ni kilo 130. Dereva huyo na gunia la kilo 90 ni kilo 155. Na mitungi sita ya maji, hata bila uzito wa mitungi yenyewe, ni kilo 185. Linganisha hesabu hizi na kitabu chako kabla ya kulaumu springi. Kisha pima kama tulivyoeleza, sogeza mzigo mbele, badili kilichochakaa, kaza pete. Ikiwa baada ya hayo yote mzigo wako wa kila siku, ulio ndani ya mpaka, bado wamaliza akiba, tafuta springi ngumu kwa robo hivi, pamoja na shoki zinazolingana nazo. Chagua kwa mzigo wa kila siku, si kwa ule mzigo mkubwa uliobeba mara moja wakati wa mavuno. Foki za mbele nazo zichunguzwe, maana nyuma mpya na mbele iliyochakaa haziendi pamoja.

Kwa dereva: ukiwa na mzigo, punguza mwendo. Nguvu ambayo breki zapaswa kuimeza hukua kwa mwendo kuzidishwa kwa mwendo. Ukishuka kutoka kilometa 60 kwa saa mpaka 40, nguvu hiyo hupungua kwa zaidi ya nusu. Vaa kofia ngumu kila safari. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yakuruhusu abiria mmoja tu, hata kama shoki zako ni sita.

Kwa mkulima: pima gunia lako kabla dereva hajafika, umwambie uzito wa kweli. Gunia la ndengu lililoshindiliwa mpaka juu si sawa na gunia lililojazwa nusu, na yeye ana haki ya kujua. Mzigo ukiwa mkubwa, ungana na majirani watatu au wanne mkodishe gari dogo siku ya soko, au mtumie mkokoteni wa punda mpaka kwenye barabara kubwa. Punda hajapitwa na wakati katika Ukambani, na mkokoteni hauna springi za kubishania.

Na kwa kamati za maji na viongozi wa mitaa ya mashamba: mnaweza kulimaliza jambo hili kwa mkutano mmoja. Kubalianeni kwamba pikipiki itabeba mitungi minne, si sita, na bei ya safari iwekwe kwa hesabu hiyo, kwa waendeshaji wote. Anayehitaji mitungi 12 atalipia safari tatu badala ya mbili. Safari moja iliyoongezeka ndiyo bei yenyewe. Waendeshaji wote wakiifuata, hakuna atakayenyang'anywa mteja na mwenzake, na kijana aliyekuwa akijiandaa kwenda kufunga shoki nne atabaki na mbili zilizo nzima.

Kabla ya mvua kuanza na njia kuharibika, chukua utepe, daftari na mizani, uipime pikipiki inayobeba mazao yako. Ni kazi ya saa moja tu.